Uchungu wa Kukojoa: Tupime Kwanza, Tusihukumu

(Mazungumzo haya tuliyatoa katika siku ya afya ya vikundi vya kujisaidia vya huku Pwani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika viyasome pamoja katika mkutano wao.)



Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala mkopo wa kikundi. Tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalijua lakini hatulitaji: ule uchungu anaousikia mtu akienda haja ndogo. Wazee wetu mtuwie radhi. Tutataja viungo vya mwili kwa majina yake, kwa sababu ugonjwa usiotajwa hauwezi kutibiwa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Tena wakasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa nini tumechagua jambo hili? Kwa sababu tukitembelea vikundi tunakutana na mambo matatu. La kwanza, mama anasikia kuchomwa, anamwambia mumewe, na mume anajibu: "Wewe umetoka nje." Nyumba inavunjika kabla mkojo haujapimwa. La pili, baba anasikia uchungu, anaona haya, anakwenda dukani kununua vidonge vinne vya rangi mbili. Anapata nafuu siku mbili, halafu ugonjwa unarudi. La tatu, mtoto anakojoa damu na wazazi wanasema ni mambo ya kukua, yataisha yenyewe.

Basi neno letu la leo ni hili, na mkisahau mengine msisahau hili: uchungu wa kukojoa ni dalili. Sio jina la ugonjwa, na sio ushahidi wa uzinzi. Dalili hii moja ina magonjwa mengi nyuma yake, na kila ugonjwa una dawa yake. Kwa hiyo tupime kwanza.

MKOJO UNAPITA WAPI

Tuanze na njia yenyewe. Figo zetu mbili ziko mgongoni, chini kidogo ya mbavu, moja kila upande. Kazi yake ni kuchuja damu. Uchafu na maji yaliyozidi hushuka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu, ambacho ni kama tangi. Kutoka kibofuni mkojo hutoka nje kwa mrija mmoja. Mrija huu wa mwisho ndio mara nyingi unaochoma.

Kwa mwanamke mrija huo ni mfupi sana, kama sentimita 4 tu. Tena mlango wake uko karibu na uke na karibu na njia ya haja kubwa. Kwa mwanamume ni mrefu, kama sentimita 20, na unapita katikati ya tezi dume. Basi ndiyo sababu akina mama huugua mara nyingi kuliko akina baba. Vijidudu vina safari fupi ya kufika kibofuni. Ni namna Mungu alivyomuumba mwanamke, wala si tabia yake.

SABABU YA KWANZA: VIJIDUDU VYA TUMBONI

Sababu inayoonekana zaidi kwa akina mama ni vijidudu vinavyoishi ndani ya utumbo wetu sisi wote. Huko utumboni havina neno. Lakini vikihama na kuingia njia ya mkojo, vinaleta taabu. Wengi sasa wanaiita UTI. Mtu anasikia kuchomwa akikojoa, anataka kwenda haja kila mara lakini yanatoka matone tu, tumbo chini ya kitovu linauma, na mkojo una ukungu au harufu kali.

Sikilizeni vizuri hapa. Ugonjwa huu mama anaweza kuupata akiwa mwaminifu kabisa. Hata sista wa konventi anaupata, hata bibi wa miaka 70, hata msichana mdogo. Ni kweli kwamba kulala na mume husogeza vijidudu kuelekea kwenye mrija, ndiyo maana wengine huugua wakiwa wameolewa karibuni. Lakini vijidudu hivyo ni vya mwili wake mwenyewe.

Mama mjamzito ajihadhari zaidi. Mimba hufanya mkojo ushuke polepole, na vijidudu vikipanda mpaka figoni mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati. Wakati mwingine mjamzito ana vijidudu bila kusikia uchungu wowote. Ndiyo sababu kliniki wanaomba mkojo. Mama asiuone usumbufu.

SABABU YA PILI: MAGONJWA YA ZINAA

Hatuwezi kuficha, magonjwa haya yapo vijijini kwetu. Kisonono ndicho kinachojulikana zaidi. Mwanamume aliyekipata huanza kusikia moto akikojoa, kwa kawaida baada ya siku 2 mpaka 7, na usaha hutoka. Kingine kinaitwa klamidia. Hicho ni kipole, majimaji yake ni machache na wengi hawasikii kitu. Kuna trikomona, ambayo kwa mwanamke huleta uchafu wenye harufu na mwasho. Kuna pia malengelenge ya sehemu za siri, ambapo mkojo ukigusa kidonda mtu anaruka.

Hatari kubwa ni kwamba wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawana dalili hata moja. Ugonjwa unapanda kimya mpaka kwenye kizazi na kuziba mirija ya mayai. Miaka inapita, mama hapati mtoto, anaitwa tasa. Na mama mwenye kisonono akijifungua, mtoto anaweza kupata usaha wa macho na kupofuka. Ndiyo maana mtoto akizaliwa kituoni hupakwa dawa ya macho. Tena mwenye ugonjwa wa zinaa anaambukizwa virusi vya UKIMWI kwa urahisi zaidi.

Mwingine atauliza: "Sasa tukipimwa na kisonono kikaonekana, nani alikileta?" Maabara haijibu swali hilo. Klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi bila kujulikana. Aliyesikia uchungu kwanza sio lazima awe ndiye aliyeuleta. Cha lazima ni kwamba watibiwe wote wawili, siku moja ikiwezekana, na wasilale pamoja mpaka wamalize dawa na siku 7 zipite. Mmoja akitibiwa peke yake, mwenzake atamwambukiza tena. Ni sawa na kupangusa sakafu na paa linavuja.

Na tuseme jambo moja kama watu wa kanisa. Mwenye dhambi ana mahali pake pa kuungama, na mgonjwa ana mahali pake pa kupimwa. Tusiyachanganye hayo mawili. Mtu akija kwetu na ugonjwa wa zinaa, tumpeleke zahanati kwanza. Mahubiri hayaponyi kisonono.

SABABU YA TATU: KICHOCHO

Hapa tukae kidogo, maana sisi wa Pwani tunalo. Kichocho cha mkojo kinapatikana Kwale, Kilifi, na huko kwenye bonde la mto Tana, na pia Taveta. Kinatoka majini, kwenye mabwawa na mito yenye maji yanayokwenda polepole.

Kinavyozunguka ni hivi. Mtu mwenye kichocho anakojoa majini au kandokando ya bwawa. Mayai ya mnyoo yanaanguliwa, yanaingia ndani ya konokono wadogo wa majini. Baada ya wiki kadhaa konokono anatoa vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho, hasa jua likiwa kali, tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Huo ndio wakati watoto wetu wanaogelea na akina mama wanafua. Vijidudu vinapenya ngozi bila kidonda. Vinakua kuwa minyoo, inakaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu na kutaga mayai. Mayai yana mwiba. Yanachoma ukuta wa kibofu, na hapo ndipo unapotoka uchungu na ile damu mwisho wa mkojo.

Kuna sehemu ambazo wazee walizoea kusema kijana wa kiume akikojoa damu ndio anabaleghe. Hapana. Ni mnyoo. Ukiachwa miaka mingi unaharibu kibofu na figo, na unaweza kuleta saratani ya kibofu.

Na kwa mwanamke kuna jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Mayai haya huingia pia kwenye uke na mlango wa kizazi. Yanaleta vidonda, uchafu, damu baada ya kulala na mume, na uchungu. Kila mtu atafikiri ni ugonjwa wa zinaa. Anapewa dawa za zinaa mara tatu, mara nne, haponi, na jina lake linaharibika kijijini. Kumbe aliupata akiwa msichana wa miaka kumi akichota maji bwawani. Basi akina mama, mkifika kwa daktari mwambieni: "Nimekulia karibu na bwawa, naomba nipimwe kichocho pia."

Dawa yake ni prazikwanteli. Vidonge hupimwa kwa uzito au urefu wa mtu, na kwa kawaida humezwa siku moja tu. Inaua minyoo mikubwa, lakini haimkingi mtu akirudi majini. Programu ya taifa ya kutibu minyoo shuleni, iliyoanza mwaka 2009, imewafikia watoto wengi. Lakini mtu mzima na mtoto asiye shuleni anaweza kuachwa nyuma, kwa hiyo ajipeleke mwenyewe. Mkojo wa kupima kichocho utolewe mchana, kati ya saa nne na saa nane, kwa sababu huo ndio wakati mayai hutoka kwa wingi.

SABABU YA NNE: TUNAVYOJIOSHA

Uchungu mwingine hauna kijidudu. Ni ngozi imeunguzwa. Kuna akina mama wanaojiosha ndani ya uke kwa sabuni ya kufulia, kwa dawa ya kuua wadudu, au kwa maji ya majani. Wengine wanatumia marashi. Ndani ya uke kuna walinzi wake wa asili. Ukiwaosha unawafungulia wezi mlango. Jioshe nje tu, kwa maji safi. Ndani hujisafisha penyewe.

Mama aliyekoma hedhi naye anaweza kusikia kuchomwa, kwa sababu ngozi ya huko inakuwa nyembamba na kavu. Hilo pia lina dawa, asinyamaze.

SABABU YA TANO: MAWE, TEZI NA SUKARI

Sisi tunafanya kazi juani, shambani, kwenye machimbo na kwenye mashamba ya chumvi, na wengi wetu tunakunywa maji kidogo. Mkojo mzito hujenga vijiwe. Kijiwe kikishuka kinaleta uchungu mkali wa mawimbi, kutoka ubavuni mpaka kinenani, mtu anagaagaa chini. Angalia mkojo wako: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mwili unadai maji. Kunywa mpaka uwe mweupe mweupe, isipokuwa daktari amekuzuia kwa ugonjwa wa moyo au figo.

Wazee wetu wa kiume wa miaka 50 na zaidi wana jambo la tezi dume. Inavimba na kubana mrija. Mkojo unatoka kwa nguvu kidogo, unakatika, mzee anaamka usiku mara nne, mara tano. Mkojo unaobaki kibofuni unaoza, na uchungu unaanza. Mara nyingi sio saratani, lakini dalili zinafanana, na ni kipimo tu kitakachotofautisha. Wazee, kuzungumza habari hii hakuwapunguzii heshima.

Na mtu anayepata UTI kila mara apimwe sukari. Mwenye sukari nyingi mwilini hushikwa na vijidudu kwa urahisi.

MTOTO AKILIA

Mtoto mdogo hajui kueleza. Anaweza kuwa na homa tu, anatapika, anakataa kula, au anaanza tena kukojoa kitandani. Apimwe mkojo.

Tena kuna neno zito. Mtoto, wa kike au wa kiume, anayelia akikojoa, mwenye majeraha au usaha sehemu za siri, huenda ametendewa ubaya. Sio kila mtoto, tumeshasema sababu ni nyingi. Lakini tusifumbe macho kwa sababu mhusika ni jamaa au ni mtu wa heshima. Usimwogeshe mtoto, usitupe nguo zake, mpeleke hospitali mara moja. Dawa ya kuzuia UKIMWI ni lazima ianze kabla ya masaa 72 kwisha, na mapema ndio bora. Simu ya watoto ni 116, haina malipo. Jambo hili halimalizwi nyumbani kwa mbuzi.

VIDONGE VINNE VYA DUKANI

Sasa turudi kwa baba yetu na vidonge vyake vya rangi mbili. Kosa liko wapi? Kwanza, hajui anatibu nini. Dawa ya kisonono haitibu kichocho, na dawa ya kichocho haitibu UTI. Pili, dozi ni nusu. Vijidudu dhaifu vinakufa, vyenye nguvu vinabaki na kuzaana, na vinajifunza kuishinda dawa.

Hayo si maneno ya kutisha watu, yameshatokea. Zamani sindano ya penisilini ilimaliza kisonono. Mwaka 1976 kikagunduliwa kisonono chenye uwezo wa kuiharibu penisilini, kikaenea dunia nzima. Baadaye siprofloksasini ikatumika sana, nayo ikashindwa, mpaka Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2016 likashauri isitumike tena kutibu kisonono. Kila tunapomeza nusu dozi tunachoma akiba ya watoto wetu.

Tena vile vidonge vya tetrasiklini vinaweza kudhuru meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito asipewe na jirani.

TUFANYE NINI

Mtu akisikia uchungu, aende zahanati au kituo cha afya. Aseme wazi ulianza lini, kama kuna usaha au damu, kama ana mimba, na dawa gani ameshameza. Akiombwa mkojo, ajisafishe, amwage ule wa mwanzo, akinge wa katikati katika chombo alichopewa. Chupa ya soda inachafua kipimo. Akipewa dawa amalize hata kama uchungu umeisha siku ya pili.

Zipo dalili ambazo hazingojei kesho. Kimbilieni hospitali mkiona:

1. Homa, kutetemeka, kutapika na maumivu ya mgongo ubavuni. Figo zimeingiwa.
2. Mkojo umefunga kabisa na tumbo limejaa.
3. Mjamzito mwenye uchungu wa kukojoa pamoja na homa au damu.
4. Korodani imevimba na kuuma ghafla.
5. Damu kwenye mkojo, hata bila uchungu, hasa kwa mtu mzima. Huyu asiache kupimwa hata ikikoma yenyewe.

Kujikinga nako si kazi ngumu. Kunywa maji. Usizuie mkojo masaa mengi. Wasichana wafundishwe kujipangusa kutoka mbele kwenda nyuma. Mama akojoe baada ya kulala na mumewe. Mume na mke wawe waaminifu. Mkichota maji ya bwawa ya kuoga, yachemsheni, au yawekeni siku mbili kwenye pipa safi lenye kifuniko, lisilo na konokono. Vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa.

Lakini kuna kazi ambayo mtu mmoja haiwezi, kikundi kinaiweza. Kikundi kinaweza kuchimba choo karibu na njia ya bwawani, ili watu wasikojoe majini. Kinaweza kujenga mahali pa kufulia mbali na ukingo. Kinaweza kumwalika muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii azungumze na wanaume peke yao na wanawake peke yao, maana mbele ya wakwe hakuna atakayeuliza. Kinaweza kuweka kidogo katika mfuko wa dharura, ili mwanachama asikose nauli ya hospitali. Na kinaweza kuweka sheria moja isiyogharimu hata shilingi: habari ya ugonjwa wa mwanachama haitoki kikundini.

Ndugu zetu, mama anayerudishwa kwao kwa sababu ya mnyoo wa bwawani amedhulumiwa. Mzee anayekufa na mkojo uliofunga kwa sababu ya haya amekufa bure. Tukirudi nyumbani, mtu akisema "nachomwa", jibu letu la kwanza liwe: "Twende tukapimwe."

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Hapa kwetu mtu akisema anachomwa akikojoa, watu husema nini juu yake? Maneno hayo yanamsaidia au yanamfanya ajifiche?
2. Ni maji gani tunayoyatumia kuoga na kufua, na watoto wetu huogelea wapi na saa ngapi?
3. Tuna njia gani ya kumfikisha hospitali mgonjwa aliyefungwa mkojo usiku?
4. Kabla ya mkutano ujao tutafanya jambo gani moja, na nani atalisimamia?